Kipimo cha Wageni

Nimestaafu. Umri wangu naujua, msinikumbushe. Jirani zetu hapa Kitale hustaafu wakiwa na mvi na saa ya ukutani waliyopewa na mwajiri. Mimi nimestaafu nikiwa bado naulizwa na shangazi zangu nitaolewa lini. Lakini nimefanya kazi moja, mahali pamoja, tangu nitoke chuo kikuu, na sitairudia. Kama huko si kustaafu, nitafutieni neno jingine. "Mkataba haukuongezwa" ni maneno ya ofisini, na mimi sina ofisi tena.

Nawaandikia ninyi mtakaoingia katika maabara ile baada yangu. Mtapewa historia yake na watu waliovaa suti. Watawaambia kwamba hakuna maabara nyingine upande huu wa nchi inayotumia mwanga kuchunguza mwenendo wa elektroni ndani ya oksidi zenye usumaku. Hilo ni kweli. Pia hakuna kiwanda cha meli upande huu wa nchi, na sijasikia mtu akijisifu kwa hilo. Kuna kioo kimoja cha kijivu ambacho hawatawatajia, kwa hiyo nitawatajia mimi.

Siku yangu ya kwanza nilidhani nimepotea. Jengo lilikuwa ghala la mbegu za mahindi kabla chuo hakijalipaka rangi nyeupe na kuliandika "Kituo cha Umahiri". Fukusi walikuwa hawajaarifiwa. Niliwakuta wakitembea juu ya meza ya vioo, meza nzito ya chuma inayobeba leza, na kwa muda mrefu kazi yangu kubwa ya kisayansi ilikuwa kuwapangusa kwa brashi ya rangi. Vumbi la mahindi huingia kila mahali. Mkiona nyota ndogo zinacheza kwenye njia ya mwanga, msishangae, ni unga tu.

Profesa alinipokea mlangoni. Sitamtaja jina, mtalisoma kwenye kibao, limeandikwa kubwa kuliko jina la chuo.

"Wewe ndiye yule msichana wa fizikia?"

"Ndiyo, Profesa."

"Unaomba?"

"Niliomba kazi, Profesa, na nikapewa."

"Naongea juu ya Mungu."

Nikamwambia wazazi wangu wanatosha, maana walipohamia Trans-Nzoia kutoka upande wa kati walikuja na ng'ombe na kanisa lao zima. Hakucheka. Aliniambia sayansi inahitaji imani. Nilidhani ni maneno ya kumkaribisha mgeni. Baadaye nikaja kujua kuwa ni njia yake ya utafiti.

Aliyenifundisha kazi ni Nekesa. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari, mtu wa Chwele, mwenye sauti ndogo na mikono isiyotetemeka, na alishakaa pale muda wa kutosha kujua kila skrubu iliyolegea. Alinikabidhi kipande cha karatasi ngumu, kilichokatwa kwenye boksi la majani ya chai.

"Usitafute mwanga kwa macho, utapofuka," alisema. "Utafute na hii. Pale karatasi inawaka, mwanga uko hapo. Fuata polepole, kioo kwa kioo. Ukiruka kioo kimoja, unaanza upya."

"Na nikiruka na nisijue?"

"Basi utakuwa profesa," akasema, na akaendelea na kazi yake.

Hapo nikajua nimepata rafiki.

Acha niwaeleze kazi yenyewe, kwa sababu Profesa huieleza kwa namna ambayo msikilizaji hutoka amevutiwa na hajaelewa, na nashuku ndivyo anavyopenda. Unachukua kidonge cheusi cha oksidi, ukubwa wa tembe ya malaria. Ndani yake mna madini ya manganizi, na kila atomu ya manganizi ina elektroni moja yenye maumbo mawili ya kuchagua. Maumbo hayo ndiyo tunayaita obiti. Ikichagua moja, jirani yake huchagua lingine, kama wagonjwa waliobanana kwenye benchi la zahanati: mmoja akielekeza magoti kushoto, wa pili anayapeleka kulia. Mpangilio huo wa magoti ndio unaosaidia kuamua kidonge kitakuwa na usumaku wa aina gani kikipoa. Sasa mmoja akigeuka, jirani anatikisika, na jirani wa jirani, mpaka benchi zima. Hilo ndilo wimbi la obiti.

Huwezi kuliona. Unachoweza ni kukipiga kidonge kwa mwanga wa kijani wa leza, kisha ukusanye ule mwanga kidogo mno unaorudi ukiwa umebadilika rangi. Mabadiliko yale yanakuambia ni nguvu kiasi gani imebaki ndani. Karibu yote hubaki kwenye mitikisiko ya kawaida ya atomu, ambayo ni kama kelele za soko la Chwele siku ya mnada: zipo tu, hazina habari. Lakini ukipata kwenye grafu kilele kisicho cha atomu, labda umelikamata wimbi. Labda. Neno hilo mtalisikia mara chache katika jengo lile.

Kidonge lazima kipoe sana, na kwa hilo tulihitaji naitrojeni ya kimiminika, ile inayofuka moshi mweupe. Kitale hakuna mtu anayeiuzia maabara. Wanaiuzia ng'ombe. Tuliipata kwa daktari wa mifugo, kutoka mtungi uleule unaohifadhi mbegu za fahali, na namba yetu ya simu ikaingia kwenye orodha yake ya watu wa kupandisha ng'ombe, na wakulima wakaanza kutupigia.

"Haloo, ni wale watu wa naitrojeni?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi niko Naitiri. Ng'ombe yangu iko na joto tangu asubuhi. Mnafika saa ngapi?"

"Mzee, sisi tunachunguza elektroni."

"Sasa hiyo elektroni inatoa maziwa kuliko Friesian?"

Nekesa alininyang'anya simu na kumpa namba sahihi, kwa adabu, na akamuulizia hali ya mvua. Nina hakika tumesaidia ndama wengi kuzaliwa kuliko tulivyosaidia elimu ya usumaku.

Vidonge vyenyewe tulivichoma Bungoma, katika karakana ya Bwana Hardip Singh karibu na reli. Familia yake imetengeneza vipuri vya mashine za kusaga tangu enzi za babu yake, na ana tanuri la umeme lenye joto ambalo chuo kizima hakina. Ana pia gesi ya argoni ya kuchomelea, nasi tuliipitisha juu ya vidonge ili visinyonye oksijeni ya ziada. Msije mkadhani Bwana Hardip ni yule fundi wa hadithi anayewafundisha wasomi. Ana maoni juu ya kila kitu na mengi si sahihi. Anaamini usumaku husababisha baridi yabisi. Aliwahi kuniambia elektroni ni uvumbuzi wa Wajapani. Lakini ana sifa moja ambayo sikuikuta Kitale: hajawahi kuliharakisha tanuri. Ukimwambia una haraka anakuletea kiti, na chai yenye tangawizi, na hadithi ya mjomba wake.

Sasa nafika kwenye kioo.

Katika njia ya mwanga, kabla ya lenzi ya mwisho, kulikuwa na kioo cha kijivu, kipana kama sarafu ya shilingi ishirini. Kazi yake ni kuifanya leza iwe dhaifu. Kikiwepo, mwanga unaofika kwenye kidonge ni mdogo, unaorudi ni mdogo zaidi, na grafu moja safi inachukua asubuhi nzima kujichora. Unakaa unaangalia mstari ukipanda kama nyasi inavyoota. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo kazi yenyewe.

Kisha tukaambiwa wageni wanakuja. Waheshimiwa, wafadhili, askofu mmoja. Mnajua mgeni kwetu. Hajakaa vizuri, kikombe kimeshafika. Kama hakuna kuku, atakimbizwa wa jirani. Mgeni haonyeshwi jiko kabla moto haujawaka. Profesa alikuwa mtu wa nyumbani kabisa katika jambo hilo.

"Nekesa," alisema, "hawa watu hawawezi kukaa hapa mpaka adhuhuri wakingoja mstari. Toa hiyo kioo."

"Profesa, mwanga utakuwa mkali sana."

"Si ni dakika chache tu? Utampa mgeni kiti halafu umwambie chai bado iko kwa ng'ombe?"

Kioo kikatolewa. Wageni wakaingia, wakavua kofia, askofu akaomba. Nekesa akabonyeza, na kabla ya maandazi kufika grafu ilikuwa imejichora kwenye skrini, na katikati yake kilele kirefu ambacho hatukuwahi kukiona. Walipiga makofi. Mheshimiwa mmoja aliuliza kama ile ndiyo elektroni. Profesa akasema, "Kwa namna fulani, ndiyo."

Kesho yake akabandika plasta nyeupe kwenye kishikio cha kile kioo na kuiandika kwa kalamu ya wino: WAGENI. Maana yake, kioo kikiwa nje, huo ni mpangilio wa wageni. Kioo chenyewe kikahamia kwenye mkebe wa biskuti. Na wageni waliendelea kuja, na stima ya Kitale iliendelea na tabia yake ya kuondoka grafu ikiwa imefika nusu, na polepole ikawa hakuna anayetaka kusubiri asubuhi nzima kwa kitu kinachopatikana kabla chai haijapoa. Hakuna aliyeamua. Hakukuwa na kikao. Mpangilio wa wageni ukawa mpangilio wa kila siku, kama vile vikombe vizuri vya kabatini vikishatolewa Krismasi havirudi.

Profesa alikitazama kile kilele, akatazama mahesabu ya nadharia, akakuta viko karibu. Si sawasawa, karibu. Akatangaza tumelikamata wimbi la obiti. Ushahidi wake mwingine ulikuwa kwamba kilele kilikuwa kirefu kidonge kikiwa baridi na kikafifia kikipashwa joto. Kila kitu kwenye grafu zile hufifia kikipashwa joto. Hata mimi hufifia. Tasnifu ya Nekesa, ambayo ilikuwa kazi ya heshima juu ya mitikisiko ya atomu, ikabadilishwa jina katikati ya safari. Sasa ilikuwa juu ya mawimbi ya obiti, na sura zake zote zilisimama juu ya kilele kile kimoja.

Mimi huuliza maswali. Walimu wangu wa msingi waliandika hivyo kwenye ripoti, na hawakuwa wananisifu. Katika kikao cha Jumatatu nikauliza, "Kwa nini kilele hakikuwepo kabla ya wageni?"

Profesa alivua miwani. "Wairimu, wewe hukuzaliwa na imani hata kidogo?"

"Nilizaliwa nayo, Profesa. Nimeuliza tu juu ya grafu."

Watu wakacheka, kikao kikafungwa kwa maombi, na swali langu likabaki pale mezani pamoja na vikombe.

Nilidhani Nekesa atanishukuru. Alinisubiri nje, chini ya ukingo wa paa, na sijawahi kumwona amekasirika vile.

"Unajua mzee wangu ameshaambia kanisa yote?" alisema. "Ati mtoto wake ameshika wimbi ya elektroni. Hajui elektroni ni nini, lakini analia akisema. Nafasi ya uhadhiri inaningoja mimi nikiwa na hiyo digrii, si nikiwa na maswali. Kwako hii ni swali tu, bana. Kwangu ni maisha."

"Sasa nisiulize?"

"Uliza. Lakini ukileta swali, leta na jibu."

Alikuwa na haki. Kuuliza ni rahisi. Mimi nimeuliza tangu nianze kuongea na sijawahi kuchoka. Kwa hiyo nikaenda kutafuta jibu, na nililikuta mahali ambapo lingeonwa na yeyote aliyewahi kuinama. Nilipokuwa nabadilisha kidonge, niliweka kile cha zamani chini ya hadubini. Pale leza ilipokuwa imelala, juu ya weusi wa oksidi, palikuwa na doa dogo la kahawia. Nikasogeza. La pili. La tatu. Kidonge kilikuwa kimejaa madoa kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango.

Nilimwita Nekesa. Aliinama juu ya hadubini muda mrefu hata nikadhani analia. Haikuwa hivyo. Alikuwa anawaza.

"Hii ni manganizi imeungua," alisema mwishowe. "Imetengana na ile oksidi yetu, imekuwa oksidi ingine, ya kahawia. Kilele inaweza kuwa ya hii doa."

"Inaweza."

"Usiniambie inaweza. Twende Bungoma."

Njiani alinunua betri za tochi, zile kavu za kawaida. Unga mweusi ulio ndani ya betri ni oksidi ya manganizi, pamoja na makaa. Tuliuosha unga huo kwenye ndoo ya karakana ya Bwana Hardip, tukauanika, tukauweka kwenye kikombe cha kauri. Bwana Hardip alitutazama akiwa ameshika kiuno.

"Dada zangu, leo mnapika nini?"

"Betri," Nekesa akasema.

"Betri! Miaka yote mmesoma, mmefika kwa betri? Si mngeniuliza mimi? Betri ukiweka kwa jua inarudisha moto. Baba yangu alifanya hiyo."

"Hairudishi, Bwana Hardip," nikasema.

"Kwa hivyo baba yangu ni mwongo?"

"Chai iko?" Nekesa akauliza, na mjadala ukaishia hapo, kwa sababu chai ilikuwepo.

Tanuri lilipanda kwa mwendo wake. Makaa yaliungua yakaondoka, na unga uliotoka haukuwa mweusi tena. Ulikuwa kahawia, kahawia ileile. Nekesa aliumimina kwenye chupa ndogo, na tukirudi Kitale aliishika chupa ile mapajani kama yai.

Asubuhi iliyofuata aliufungua mkebe wa biskuti, akakirudisha kioo cha kijivu mahali pake, akaweka unga wa betri chini ya mwanga dhaifu. Tukakaa. Mstari ukapanda kwa uvivu wake. Kabla ya saa ya chakula kilele kilikuwa pale: mahali palepale, na mabega yaleyale. Wimbi la obiti la Profesa, lililopigiwa makofi na kuombewa na askofu, lilikuwa mtikisiko wa kawaida wa atomu ndani ya betri iliyoungua. Kisha Nekesa akaweka kidonge chetu kipya, sehemu ambayo leza haijaigusa, kioo kikiwa ndani. Kilele hakikuwepo. Tulikuwa tumekichoma wenyewe, kila siku, kwa mkono wetu, kwa sababu siku moja wageni hawakuweza kusubiri.

Kitu kimoja kilibaki. Mbali kidogo na pale, mstari ulikuwa na kinundu, kidogo, kipana, cha haya. Nekesa alikigusa kwenye skrini kwa kidole na hakusema ni nini.

Tulimpelekea Profesa grafu zile mbili. Nilitaka kusema mimi. Nekesa akanikanyaga mguu. Profesa alizitazama, na namsifu kwa hili tu: alielewa haraka. Si mjinga. Ingekuwa nafuu angekuwa mjinga. Alifunga mlango na kuishusha sauti.

"Sikiliza, mama," alimwambia Nekesa. "Tasnifu imeshaandikwa. Mtahini wa nje ameisoma na ameipenda. Wewe pita kwanza. Ukishakuwa daktari, utaandika makala ya kurekebisha, na watu watakusifu kwa unyofu. Hiyo ndiyo njia ya watu wazima."

"Na nikiulizwa kilele ni nini?"

"Utasema ni wimbi la obiti. Ni nani atakayekuja Kitale kuchoma betri?"

Nilimwangalia Nekesa. Najua alichokuwa anakiona: kanisa la Chwele, mzee wake akilia, mlango wa uhadhiri ukiwa wazi. Sikuwa na haki ya kumwambia chochote, na kwa mara moja tu maishani sikuuliza kitu.

"Profesa," alisema kwa ile sauti yake ndogo, "mimi nimekuja Kitale, na nimechoma betri."

Aliiondoa tasnifu. Profesa akaliondoa jina lake kama msimamizi, akisema ana majukumu mengi, na chuo kikampa Nekesa mwalimu mwingine ambaye alisaini karatasi na hakuonekana. Tukaanza upya, kioo kikiwa ndani. Grafu moja, asubuhi moja, stima ikiruhusu. Mahindi yalipandwa, yakavunwa, yakapandwa tena. Wageni walipokuja walionyeshwa mstari ulionyooka na kuambiwa warudi adhuhuri. Hawakurudi, na baada ya muda hawakuja kabisa. Ndipo mkataba wangu haukuongezwa. Sababu iliyoandikwa ilikuwa mabadiliko ya vipaumbele. Wakati huo ukumbi ulikuwa unapakwa rangi upya, kwa hiyo nadhani kipaumbele kilikuwa rangi.

Siku ya Nekesa kutetea tasnifu mpya nilihudhuria kama mtu wa nje, nimeketi nyuma. Profesa alikuwepo pia, safu ya mbele, maana kulikuwa na chakula cha mchana. Nekesa alieleza jinsi mwanga unavyoweza kuiunguza oksidi na kutengeneza kilele cha uongo, na jinsi ya kukigundua. Kisha mtahini wa nje, mama mmoja mkali mwenye kilemba cha kijani, akaweka kidole kwenye kile kinundu.

"Na hiki?"

"Sijui," Nekesa akasema.

Profesa akatazama viatu vyake.

"Si wimbi la obiti?"

"Inaweza kuwa. Inaweza pia kuwa mitikisiko miwili ya atomu imetokea pamoja. Kwa chombo tulicho nacho, haviwezi kutenganishwa."

"Kwa hiyo baada ya kazi yote hii, hujui."

"Sijui, na naweza kukuonyesha sababu, grafu kwa grafu. Ukiwa na muda."

Yule mama aliegemea kiti. "Muda ninao," akasema, na wakapitia grafu mpaka chakula kikapoa. Profesa alienda kula. Nekesa alipita.

Kwa hiyo ninyi mnaokuja, kazi ni hii. Kinundu kipo, na hakuna anayejua ni nini. Kidonge chenye oksijeni nzito, ile ambayo atomu zake zina uzito kuliko za kawaida, kingesaidia kujibu, kwa sababu mitikisiko ya atomu ingesogea na wimbi la elektroni lisingesogea sana. Mtafuteni mwenye nacho. Naitrojeni ni kwa daktari wa mifugo. Simu za wakulima zipokeeni kwa adabu. Kioo cha kijivu kiko mahali pake, na hakitoki. Bwana Hardip alikitengenezea kishikio cha chuma na kukikaza kwa skrubu ya umbo alilolibuni mwenyewe, na bisibisi yake iko Bungoma. Akija mgeni mwenye haraka, mpeni nauli ya kwenda kuichukua.

Nimalizie na Chwele, kwa sababu familia ya Nekesa ilifanya sherehe ya shukrani na mimi nikaalikwa. Turubai zilijaa. Kanisa zima lilikuwepo, na majirani, na watu wa mnada waliosikia kuna nyama. Mzee wake alisimama katika koti jipya, akashika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Huyu mtoto wangu," alisema, machozi yakimtoka, "ameenda Kitale, na ameshika wimbi ya elektroni!"

Vigelegele. Nekesa, aliyekuwa ameketi pembeni yake na shada shingoni, akainuka akamgusa mkono.

"Baba," akasema, na maikrofoni ikalichukua kila neno, "sikushika. Nilionyesha tu kwamba tulikuwa tunaunguza kidonge."

Mzee alimtazama. Akaitazama turubai ile yote ya watu waliotoka mbali, wengine kwa miguu, wote wakimngoja. Akairudisha maikrofoni mdomoni.

"Amesema ameshika!" akatangaza. "Leteni chakula, wageni wasingoje!"

Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya wale waheshimiwa. Nekesa alirudi kukaa, akainamia upande wangu, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

"Wairimu," akaninong'oneza, "kile kioo chetu cha kijivu kiko wapi?"